Tupeane uzoefu: ratiba na viwanja vya futi ya wanawake Australia, wewe yamekukuta yapi?

Mama Tatu, Footscray (Melbourne)

Habari zenu wapenzi wa futi, ule mpira wa Kiaustralia wa kupiga kwa mguu na kushika kwa mikono. Kila msimu wa AFLW, ligi kuu ya wanawake, ukianza nasikia maneno yaleyale: wanawake hawajazi viwanja, basi wasiongezewe mechi. Hata mkataba wa wachezaji wa 2023 uliweka masharti hayo kwa maandishi. Ligi ikitaka kurefuka zaidi, wastani ufike watazamaji 6,000 uwanjani na 100,000 kwenye runinga. Sawa, kila biashara ina hesabu zake. Lakini saa ya mechi hapangi mtazamaji, na uwanja hachagui yeye. Ukiweka mechi Jumanne jioni, watu wengine bado wako kazini, halafu ukasimama mlangoni kuhesabu vichwa, umepima mapenzi ya mpira au umepima zamu za kazi?

Naomba visa vyenu. Mechi gani ulikwenda kwa raha, ipi ilikupita, na sababu ilikuwa saa, uwanja au usafiri. Matusi kwa waamuzi yapelekwe kwingine.

Naanza mimi. Ile Ijumaa ya kwanza kabisa, tarehe 3 Februari 2017, klabu mbili za Melbourne, Carlton na Collingwood, nilikuwa ndani ya uwanja wa Ikon Park. Mwanzoni mechi ilipangiwa Olympic Park, kiwanja kidogo cha mazoezi cha Collingwood, wakaihamisha walipoona moto unawaka. Na hata huko walikohamia hapakutosha. Waliingia watu 24,568, milango ikafungwa, na mkubwa wa ligi wakati huo, Gillon McLachlan, akatoka nje mwenyewe kuwaomba radhi waliobaki barabarani. Mimi nilikaa kwenye majani nyuma ya goli, mtoto begani, mbele yangu bibi wa Kizungu na bendera ya Carlton iliyopauka, analia hata mpira haujarushwa. Ijumaa usiku, tramu namba 19 inakushusha hapohapo, kiingilio bure. Leo ukinambia wanawake hawana watazamaji nakuuliza kwanza: mechi ilikuwa lini, na wapi?

Fundi wa Cranbourne

Mama Tatu shikamoo. Mie naja na upande wa pili, maana najua uwanja wetu wa huku, Casey Fields, utatukanwa hapa muda si mrefu.

Wenzetu wa mjini wanalia: mbali, hakuna treni mpaka mlangoni, upepo. Yote kweli. Stesheni ya Cranbourne iko kilomita kadhaa kutoka uwanjani, usipokuwa na gari unasubiri basi. Na upepo wa pale si wa kusimuliwa. Msichana anapiga mpira kuelekea goli, mpira unafika juu unasita, unarudi ulikotoka. Kuna siku robo nzima hakuna bao upande mmoja, mabao yote yanaangukia upande unaopewa mgongo na upepo.

Sasa jiulizeni, ni mbali na nani? Waafrika wangapi wako huku kusini-mashariki? Dandenong, Hampton Park, Cranbourne, ndiko kwetu. Natoka zamu ya asubuhi ghala, napita nyumbani kuchukua watoto na viti vya kukunja, dakika chache tuko uwanjani. Gari naegesha bure. Mechi ikiisha wachezaji wanakuja kwenye uzio, binti yangu anapewa sahihi kwenye shati mpaka shati lenyewe halisomeki. MCG, ule uwanja mkubwa wa mjini Melbourne, nani atamfikia mchezaji?

Mama Tatu

Marahaba mwanangu. Hilo la "mbali na nani" nimelichukua. Lakini na mimi wa Footscray nina uwanja wa Whitten Oval, nashuka West Footscray natembea kidogo nimefika. Kila mtu akisifu cha mlangoni kwake hatutamaliza.

Nesi wa Perth

Jamani, huku magharibi tuna tatizo lenu na la kwetu juu yake.

Niseme kwanza la raha. Februari 2018, Fremantle na Collingwood, uwanja mpya wa Optus umefunguliwa juzijuzi, na mechi ya kwanza ya futi kuchezwa pale ikawa ya wanawake. Watu 41,975. Nilikwenda na wenzangu wa wodini, mmoja Mzambia, wawili Wafilipino, hakuna aliyejua sheria hata moja. Tusidanganyane, wengi wetu siku ile tulikwenda kuona uwanja. Ila katika lile kundi letu, wawili mpaka leo ni wanachama wa klabu na mwaka unaanza kwa kununua skafu. Uwanja uliwaita, mpira ukawabakiza.

Sasa la machungu. Saa zetu ziko nyuma ya Melbourne, mbili au tatu kulingana na msimu. Runinga kubwa ziko mashariki, watazamaji wengi wako mashariki. Mechi ikipangwa iangukie jioni nzuri ya Melbourne, Perth bado ni alasiri, jua limetuelekea usoni. Na 2024 walipobana ratiba wakaingiza mechi za Jumanne na Jumatano ndiyo ikawa balaa. Mimi orodha ya zamu inatoka wiki kadhaa kabla. Ukitaka kubadilishana Jumamosi utampata mtu, Jumanne nani akubadilishie? Mechi moja kama hiyo niliiangalia kwenye simu chumba cha chai, sauti nimezima, na robo ya nne mgonjwa akabonyeza kengele.

2025 wakaziondoa hizo za katikati ya wiki, na kila timu ikapata mechi 12. Kwa hiyo walisikia.

Kijana wa Eldoret, Geelong

Lakini Nesi, wachezaji je? Tunasema sisi watazamaji tuna kazi, na wao pia wengi wana kazi zao. Kuna walimu humo, kuna polisi, kuna wenzako manesi. Mechi Jumapili, nyingine Ijumaa au Alhamisi, mwili haujapoa, na kesho yake uko darasani na watoto wa watu. Ratiba iliyobanwa iliwaumiza wao kwanza.

Nesi wa Perth

Kweli kabisa kaka. Goti halijui runinga.

Mama Kivu, Adelaide

Bonjour wote. Mimi ni Mkongomani wa Bukavu, Kiswahili changu mutanivumilia.

Fainali ya 2019, tarehe 31 Machi, Adelaide na Carlton, pale Adelaide Oval. Siku ya Yenga, baada ya ibada. Bamama ba kanisa yetu tulitoka na vitambaa vyetu vilevile vya ibada tukapanda basi mpaka mjini, kwa sababu Oval iko karibu na stesheni, unavuka daraja la mto unaingia. Kiingilio bure. Tulifikiri tutakuta watu kidogo. Walikuwa 53,034! Tulipanda juu, juu, juu, mpaka mama mmoja akasema basi, mimi siendi tena, pasta ataniombea hapa.

Erin Phillips, muchezaji wa Adelaide, akaumia goti. Sisi hatukumujua vizuri, lakini tuliona bale ba Carlton, maadui, wanapiga makofi, uwanja wote umesimama, na yeye amelala kwenye machela anatolewa. Tukasimama na sisi. Adelaide walishinda pointi 63 kwa 18.

Mwaka uliofuata msimu ukakatwa na korona, bila bingwa. Na timu inarudi kucheza kwenye viwanja vidogo, Norwood, Unley. Mimi sivichukii. Norwood iko na jukwaa la zamani nzuri sana. Lakini nauliza sawa vile mama Tatu: wale watu 53,034 waliambiwa nini? "Asante, kwaheri"?

Baba wa Logan, Brisbane

Amahoro. Mimi Mrundi, na nina hasira za miaka.

Huku kwetu uwanja wa Gabba ndiyo nyumba ya futi, lakini kwa wanawake ile nyumba ina mlango wa kufungwa. 2017, fainali ya kwanza kabisa katika historia ya ligi, Brisbane wanaandaa, Gabba haifai kwa sababu Adele, yule mwimbaji, alifanya tamasha pale na nyasi zikaharibika. Fainali ikahamishiwa Carrara, Gold Coast, ikachezwa kabla ya mechi ya wanaume. Watu 15,610, na Adelaide wakatufunga 35 kwa 29.

Novemba 2022 tena fainali ni yetu. Safari hii ni kriketi. Wasiojua: futi na kriketi wanachangia viwanja. Melbourne na Adelaide ile sehemu ya katikati ya kriketi inapandwa pembeni, inaletwa na kung'olewa kwa mashine. Gabba imezaliwa nayo ardhini, ikishaandaliwa kwa kriketi hakuna anayeruhusiwa kuikanyaga. Msimu wa wanawake kuanzia katikati ya 2022 unaanza Agosti au mwanzo wa Septemba na kumalizika Novemba au mwanzo wa Desemba, yaani fainali inakutana na kriketi uso kwa uso. Ikapelekwa Springfield, kwenye uwanja mpya wa klabu ambao haujawahi kuchezewa mechi hata moja. Nafasi 8,000 hivi. Tiketi ziliisha, waliingia 7,412.

Nilikwenda na binti yangu anayecheza timu ya mtaa. Joto la Novemba la Queensland mnalijua. Tulikaa upande wa majani usio na kivuli, nikamfunika kichwa kwa taulo nililolowesha bombani. Melbourne 19, Brisbane 15. Mabao mawili kila upande, siku nzima! (Bao ni pointi sita, mpira ukipita pembeni ya goli ni pointi moja.) Wachezaji walikuwa wanatembea robo ya mwisho. Binti akaniuliza kwa nini wanaume wao fainali inachezwa MCG karibu kila mwaka na inajulikana tangu mwanzo wa msimu. Mnijibie.

Kijana wa Eldoret

Mzee, kwa hiyo adui wa kwanza wa futi ya wanawake ni Adele 😂

Baba wa Logan

Adele nilishamsamehe. Kriketi bado.

Mama Tatu

Baba wa Logan, hapo ndipo penye kiini. Walikimbia Januari kwa sababu ya joto. Mnakumbuka 2022 ilikuwa na misimu miwili, mmoja ulianza Januari na mwingine Agosti. Wamehamia majira ya kipupwe na machipuo, wakajikuta Septemba wanagawana magazeti na fainali za wanaume, na Novemba wanagawana nyasi na kriketi. Kila mwezi una mwenyewe. Mimi nikiulizwa, Agosti ni bora kuliko Januari kwa miili ya wasichana, lakini basi uwanja wa fainali uwekwe akiba mapema, sio kutafutwa timu zikishajulikana. Fainali za 2023 na 2024 zote zilikuja Ikon Park, 12,616 na 12,122, na nje watu wanatafuta tiketi. Kiwanja kikijaa namna hiyo hujui ni wangapi wangekuja.

Mwana wa Mpwani, Dandenong

Assalamu alaikum. Mimi nitasema dogo ambalo sijaliona likisemwa.

Viwanja vikubwa kama MCG vina chumba cha kuswalia. Unatoka kitini, unatia udhu, unaswali, unarudi. Vile vidogo vya mtaani sijawahi kukiona. Mechi za machweo zinatukuta Maghrib katikati ya robo ya tatu. Mimi na dada yangu tunabeba mkeka mwembamba kwenye mkoba, tunakwenda nyuma ya kibanda cha soseji penye nyasi kavu. Siku moja mzee wa kujitolea pale kibandani akatuona, hakusema kitu, akavuta meza yake ili watu wasipite mbele yetu. Tangu hapo akituona anatuwekea chipsi zisizokaangwa pamoja na soseji.

Basi mimi kati ya kikubwa na kidogo nimeshindwa kuchagua. Kikubwa kina chumba, kidogo kina yule mzee.

Kocha Msaidizi, Wyndham

Nafundisha wasichana chini ya miaka 14, wengi wazazi wao ni Sudan Kusini, Kongo na Kenya. Jina wanalolijua ni Akec Makur Chuot, aliyepita kambi ya Kakuma, akafika Perth, akacheza Fremantle, Richmond, kisha Hawthorn. Wazazi wa Kakuma wakisikia habari hiyo, ruhusa ya mazoezi inatoka siku hiyohiyo.

Upande wangu ratiba ya sasa imesaidia. Ligi za watoto zinachezwa kuanzia Aprili hadi karibu na mwisho wa Agosti. Wakimaliza, ya wakubwa ndiyo inaanza, wikiendi ziko wazi, nawakusanya kwenye basi. Agosti 2022 Essendon walikuwa wanacheza mechi yao ya kwanza na Hawthorn, ikatolewa kiwanja kidogo cha Port Melbourne ikapelekwa uwanja mkubwa wa Marvel kwa sababu tiketi zilikwisha. Watu 12,092. Wasichana wangu walipiga kelele chini ya lile paa mpaka mechi imeisha hawana sauti, njiani kurudi kimya kitupu, sijawahi kupata raha ile.

Ninachoomba mimi ni ratiba itoke mapema. Basi la watoto huliagizi kwa taarifa ya wiki mbili.

Dada wa Tanga, Sunshine

Nawasoma wote. Mimi ni mgeni wa mambo haya. Mama yangu anakuja kutoka Tanga Septemba, mwanangu anang'ang'ania tumpeleke bibi mechi. Mama ana magoti. Nimpeleke wapi?

Mama Tatu

Karibu dada. Kwa bibi mwenye magoti chagua mechi ya mchana Ikon Park, kuna jukwaa lenye paa na viti vya kuegemea, na tramu 19 mnashuka karibu. Casey mwache kwanza, Fundi anisamehe, upepo ule utamrudisha Tanga. Septemba bado baridi, mbebee koti na leso mbili. Mtoto king'ora kikilia mwishoni atataka kushuka kucheza mpira uwanjani wakiruhusu, basi asivae viatu vyeupe.

Fundi wa Cranbourne

Nimesamehe. Lakini bibi akishapumzika mleteni Casey, nitawafuata stesheni na gari.