Baada ya Benchikha, Simba imkabidhi nani timu?

Mkazi wa Bunju

Ndugu zangu wana Msimbazi, nawasalimu. Ligi ya msimu wa 2023/24 imekwisha, Yanga wametwaa ubingwa kwa mara ya tatu mfululizo, na sisi tumemaliza katika nafasi ya tatu tukiwa na pointi 69, sawasawa na Azam waliotuzidi kwa tofauti ya mabao tu. Kwa hiyo Azam watacheza Ligi ya Mabingwa Afrika na sisi tutacheza Kombe la Shirikisho Afrika, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia Agosti mwaka jana, siku tuliyomtoa mtani wetu Yanga kwa penalti pale Mkwakwani, Tanga, na kubeba Ngao ya Jamii.

Abdelhak Benchikha aliondoka mwishoni mwa Aprili, mara tu baada ya kutwaa Kombe la Muungano kule Zanzibar, kwa sababu zilizoelezwa kuwa ni za kifamilia. Juma Mgunda akaitwa kutoka Simba Queens, timu yetu ya wanawake, kuja kumalizia mechi zilizobaki akisaidiana na Selemani Matola. Sasa tumeingia Juni 2024, Mohammed Dewji amerejea katika uenyekiti wa bodi, na kila kijiwe cha kahawa kina jina lake la kocha mpya.

Kabla hatujatajiana majina, naomba tukumbushane idadi. Tangu Patrick Aussems aondoke Novemba 2019, tumefundishwa na Sven Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho na Benchikha. Hao ni sita katika muda usiofika miaka mitano, na Mgunda sijamhesabu, ingawa ameitwa mara mbili kuja kuzima moto. Sven na Gomes walitupa ubingwa. Waliowafuata hawakutupa, na hata hivyo siamini kwamba wote walikuwa makocha wabovu.

Swali langu ni hili: mngependa timu akabidhiwe nani, na mtu huyo mnamtaka kwa sababu ipi? Naomba tusiishie kwenye jina, kwa sababu jina la Benchikha lilikuwa kubwa kuliko yote. Alikuja kwetu akiwa ametoka kutwaa Kombe la Shirikisho na USM Alger mbele ya Yanga, kisha akaifunga Al Ahly katika Kombe la Shirikisho la Soka Afrika (CAF) la mabingwa kwa mabingwa, na bado tumemaliza wa tatu.

Mtoto wa Ngamiani

Mimi ni mtu wa Tanga, na mtaniwia radhi iwapo mtaona nampendelea Mgunda, maana Coastal Union ndiyo iliyomlea tangu enzi za uchezaji wake. Hata hivyo, naomba tuangalie kazi yake. Septemba 2022 Zoran alipoondoka ghafla, Mgunda alichukua timu akiwa hana hata wiki ya maandalizi, akaitoa Big Bullets ya Malawi nyumbani na ugenini, kisha akaenda Luanda na kuifunga Primeiro de Agosto mabao matatu kwa moja, na waliporudi Dar es Salaam tukamaliza kazi kwa bao moja. Tukaingia hatua ya makundi. Januari alipoletwa Robertinho kutoka Vipers, Mgunda hakununa wala hakupeleka maneno magazetini, bali alirudi nyuma na kuendelea kufanya kazi.

Tunamwita mzawa pale nyumba inapowaka, na moto ukizimika tunamwambia akae pembeni ampishe mgeni. Kama mtu anaaminika kuivusha timu katika mechi ngumu kabisa za ugenini, kwa nini asiaminike kupanga kikosi Julai, kuwa na kambi yake na kuchagua wachezaji wake? Hatujawahi kumpima Mgunda kwa msimu mzima wenye maandalizi, hivyo anayesema hatoshi anazungumzia jambo ambalo halijafanyika. Tena wachezaji wanamwelewa anachosema bila kumsubiri mkalimani amalize.

Mwana Kigoma

Kaka wa Tanga, hoja yako ya heshima naikubali, lakini jina langu la kocha ni Florent Ibengé wa Al Hilal ya Sudan.

Huyu tunamjua kwa maumivu na kwa raha pia. Januari 2019 akiwa na AS Vita alitufunga tano bila kule Kinshasa. Machi mwaka ule ule akaja Uwanja wa Mkapa, tukamfunga mbili kwa moja, mchezaji wetu Clatous Chama akifunga dakika za mwisho kabisa na kutupeleka robo fainali. Tulipokutana naye tena mwaka 2021 tulimfunga kwao na kwetu. Baada ya hapo akaenda RS Berkane na kutwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2022, kombe hilo hilo tunalokwenda kucheza sasa. Akiwa Al Hilal aliitoa Yanga katika Ligi ya Mabingwa, na vita vya Sudan vilipoifukuza klabu yake nyumbani, walikuja kucheza mechi zao za kimataifa hapa hapa Dar es Salaam. Uwanja wetu anaujua, joto letu analijua, na wachezaji wa Kongo wanaojaa katika ligi yetu wengi anawafahamu tangu wakiwa vijana.

Najua ana ajira yake, na najua si mtu wa bei rahisi. Lakini kama bodi imerudi na nguvu mpya, hapa ndipo nguvu hiyo ionekane. Tumecheza robo fainali tano za Afrika katika misimu sita, mpaka watani wametupachika jina la Mwakarobo. Anayeweza kutuvusha ukuta huo ni mtu aliyekwisha kuuvuka.

Dada wa Magomeni

Mwana Kigoma, Benchikha naye alikuwa amekwisha kuuvuka ukuta huo, tena miezi michache tu kabla ya kuja kwetu. Alituingiza robo fainali kwa kuifunga Jwaneng Galaxy mabao sita, akakutana na Al Ahly, tukafungwa hapa na tukafungwa Cairo. Sasa Ibengé atafanya nini cha tofauti kwa kikosi kile kile?

Mimi ningemtafuta kocha ambaye bado ana njaa: mtu wa makamo, aliyekaa benchi la klabu kubwa ya Morocco au Afrika Kusini akiwa msaidizi, anayejua mazoezi ya kisasa, na ambaye Simba kwake itakuwa kupanda cheo. Wanaokuja kwetu wakiwa wamekwisha kushiba wanaondoka siku ya kwanza wanapokereka.

Jirani wa Jangwani

Watani, hodi. Mimi ni wa Yanga, upande wa pili wa Kariakoo, na sikuja kucheka, ingawa zile tano za Novemba bado zinanipa usingizi mzuri. Nimesoma mjadala wenu kwa makini, na naona mnatafuta dawa katika duka ambalo halina dawa hiyo.

Nasreddine Nabi alikuja kwetu Aprili 2021. Msimu ule ubingwa mliuchukua ninyi, na Julai mkatufunga fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani pale Kigoma, kwa bao la Taddeo Lwanga ambalo sipendi kulikumbuka. Kwa desturi za mjini, Nabi alistahili kufungashiwa virago usiku ule ule. Uongozi ukambakiza, na msimu uliofuata tukatwaa ubingwa bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Oktoba 2022 Al Hilal ya huyo huyo Ibengé ikatutoa katika Ligi ya Mabingwa, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kwamba aondoke. Hawakutusikiliza. Tukashushwa Kombe la Shirikisho Afrika, tukaenda Tunis tukaifunga Club Africain kwao, na miezi michache baadaye tulikuwa fainali, tukalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini (jumla ikiwa sare, aliyefunga mengi ugenini hushinda) baada ya kushinda mjini Algiers.

Sasa ninyi mlifanya nini na Robertinho? Mwaka 2023 aliwafikisha robo fainali na kutolewa na Wydad kwa penalti. Aliwapa Ngao ya Jamii mbele yetu. Oktoba alitoka sare mara mbili na Al Ahly katika African Football League, mbili kwa mbili hapa na moja kwa moja kwao. Msimu ule hakuwa amepoteza mechi ya ligi mpaka siku tulipowafunga tano kwa moja, na siku mbili baadaye hakuwa na kazi. Mechi moja, tena ya dabi! Kwa kipimo hicho hata huyo Ibengé hatafika Krismasi.

Kwa faida yangu mimi, endeleeni hivyo hivyo. Lakini mmeuliza, nami nimejibu.

Mwalimu Mstaafu

Nimsifu mtani kwa ukweli wake, kisha niongeze jambo ambalo vijana hamjaligusa.

Mwaka 2021 tulikuwa na kocha mkuu ambaye CAF haikumruhusu kukaa benchi katika mechi za kimataifa kwa sababu ya daraja la leseni yake. Ilibidi klabu imtafute Thierry Hitimana ili awepo mtu mwenye cheti kinachokubalika. Gomes, ambaye miezi michache nyuma alikuwa ameifunga Al Ahly kwa bao la Luis Miquissone na kutupa ubingwa, akageuka kocha wa mazoezini. Tulikwenda Gaborone tukashinda mbili bila, na katika marudiano hapa nyumbani Jwaneng Galaxy wakatufunga tatu kwa moja na kutufungasha kwa mabao ya ugenini. Siwezi kusema leseni ndiyo iliyotufunga, lakini timu ambayo haijui amri inatoka kwa nani haiwezi kutulia inaposawazishiwa.

Hivyo yeyote atakayetajwa, nitaomba kwanza nione vyeti vyake, kisha mkataba wake, hasa sehemu inayoeleza nini kitatokea akitaka kuondoka. Sven aliivusha timu kuingia makundi Januari 2021 kwa kuifunga FC Platinum mabao manne, na kabla hatujamaliza kushangilia tukaambiwa amekwenda zake. Tukamsikia yuko FAR Rabat. Tunalalamika kwamba tunafukuza makocha, na ni kweli, lakini wapo pia waliotukimbia.

Mtoto wa Ngamiani

Shikamoo, mwalimu. Maneno yako yamenikumbusha dirisha dogo la usajili la Januari. Jean Baleke aliyekuwa mfungaji wetu tegemeo aliondoka, Moses Phiri naye akapelekwa Power Dynamos, na nafasi zao wakapewa Freddy Michael na Pa Omar Jobe katikati ya msimu. Naomba mwenye kujua aniambie: uamuzi ule ulikuwa wa Benchikha, au aliukuta mezani? Jibu la swali hilo ndilo litakalonionyesha kama tulikuwa na kocha mkuu au tulikuwa na msimamizi wa mazoezi.

Mkazi wa Bunju

Nawashukuru nyote, na mtani pia, ingawa hiyo ya usingizi mzuri angeweza kubaki nayo.

Nilipoanzisha mjadala nilikuwa na jina langu mfukoni, na nalitaja sasa ili nisionekane nimejificha: lilikuwa Ibengé, kwa sababu zile zile za Mwana Kigoma. Baada ya kusoma habari za Nabi na swali la Baleke na Phiri, nimesogea upande wa Dada wa Magomeni. Kikosi chetu kinahitaji kuvunjwa na kujengwa upya. Wachezaji waliotubeba tangu ubingwa wa 2018 umri umewatupa mkono, na kazi ya kujenga haitaki mtu aliyezoea kukuta nyumba imepauliwa. Inataka mtu mwenye subira, na kwa kweli inataka sisi tuliopo majukwaani tuwe na subira kumzidi. Hapo ndipo ninapojitilia shaka mwenyewe, kwa sababu Novemba mwaka jana niliondoka kwa Mkapa kabla filimbi ya mwisho haijapulizwa, na njiani nilikuwa namfukuza Robertinho kwa sauti ndani ya daladala.

Kuhusu Mgunda, ningependa abaki katika benchi la ufundi kwa mkataba unaoeleweka, asiwe tena mtu wa kuitwa usiku. Mtoto wa Ngamiani hataridhika na jibu hilo, na ana haki.

Lililobaki ni kalenda. Kambi za maandalizi huanza Julai, Simba Day, sherehe yetu ya kutambulisha kikosi, ni mwanzoni mwa Agosti, na Ngao ya Jamii hufuata siku chache baadaye. Majina ya wachezaji wapya yameshaanza kuzagaa mtandaoni ilhali jina la kocha halijatangazwa. Asipopatikana kabla ya mwisho wa mwezi huu, atakayekuja atapokea orodha iliyokwisha kupangwa, na hatutakuwa na haki ya kumuuliza mwezi Novemba kwa nini hana mshambuliaji.