Kuinua Prado inchi 3 na kufunga tairi za 33: naomba ushauri kabla sijaipeleka gereji (Dodoma)

Mpunga_Bahi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota Prado ya 1999, injini 1KZ-TE ya dizeli, gia otomatiki. Naishi Dodoma mjini, ila kila baada ya wiki mbili naenda Bahi kwenye mpunga, na mara moja kwa mwezi nampeleka mama nyumbani, upande wa Farkwa. Masika iliyopita gari ilikalia tumbo mara mbili kwenye njia ya shamba. Mara ya pili mama alikuwa ndani, na trekta lilikuja kutuvuta saa tatu usiku. Nilimwona amekaa kimya amejifunga khanga mbili, na sitaki hali ile ijirudie.

Fundi mmoja hapa mjini anasema aweke spesa (vipande vya kuongeza urefu) juu ya springi zote nne, gari ipande inchi 3, kisha nifunge tairi za 285/75R16, yaani za kipenyo cha inchi 33 hivi. Kazi ya siku moja, laki tatu na nusu bila tairi. Kwa sasa nina 265/70R16, na springi ni zilezile ilizokuja nazo kutoka Japani. Nimpe kazi?

Korongo_Kavu

Mkuu, subiri kwanza. Nilifanyiwa kazi kama hiyohiyo kwenye Prado ya umri huohuo, nami niliambiwa siku moja.

Spesa haifufui springi iliyochoka. Inaipandisha tu, uchovu unabaki palepale. Shokapu zangu zilikuwa za urefu wa kawaida, kwa hiyo kila nikiruka shimo mbele ilikuwa inagonga "kwa!", shokapu imefika mwisho wa mvuto wake. Mwezi wa tatu nikiwa natoka Kondoa nikaanza kusikia kak-kak-kak nikikata kona. Kuchungulia ndani ya gurudumu la kushoto, grisi nyeusi imetapakaa rimu nzima kwa ndani. Mpira wa sivijointi (ile jointi inayopeleka nguvu kwenye gurudumu) ulikuwa umepasuka kwenye mikunjo, vumbi limeingia, jointi imekwisha. Ukiinua sana mbele ya Prado, ekseli fupi zinalala kwa pembe kali, na mpira unajisugua wenyewe muda wote. Niliishia kulipa mara mbili.

Spana_17

Mimi ni fundi, na magari ya aina hii ndiyo mkate wangu. Mleta mada, kuna jambo inabidi ulielewe kabla hujatoa hata shilingi.

Prado yako nyuma ina ekseli nzima, na difu (lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) imekaa katikati yake. Ukiweka springi ndefu, bodi inapanda lakini difu inabaki pale ilipo. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya tofauti ya kipenyo. Piga hesabu: 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777 hivi. 265/75R16 ina 804, na difu inapanda milimita 13. Hiyo 285/75R16 ina 834, unapata milimita 28. Sasa kumbuka, ile siku ulipokwama ni kipi kiligusa? Difu, au tumbo la gari?

Halafu 285 ina gharama zake. Mzunguko unaongezeka karibu asilimia 7, maana yake dashibodi ikisoma 50 wewe uko kwenye 53 au 54, na trafiki wa tochi hataki maelezo. Injini inabeba gia ndefu kuliko ilivyopangiwa. 1KZ-TE nazijua kwa kupasua kichwa cha silinda zikipata joto. Ukiipandisha milima ya Kibakwe na tairi nzito, angalia geji ya joto kama unavyoangalia barabara.

Ungekuwa mteja wangu ningekufungia springi mpya zinazoinua inchi 2, na shokapu za urefu wake, mbele na nyuma. Ukizidi hapo mbele, kemba na kasta (pembe za kulala kwa magurudumu) hazirudi kwenye alaimenti mpaka ubadilishe amu za juu, ile mikono ya juu inayoshika gurudumu. Nyuma hakikisha fundi anapima mipira ya breki gari ikiwa inaning'inia. Kama gari yako ina ile vali ya breki yenye kijiti kilichoshikwa kwenye ekseli, lazima irekebishwe. Bodi ikipanda, vali inadhani gari haina mzigo, inapunguza breki za nyuma. Hili mafundi wengi hawaligusi, na ni la hatari kuliko yote niliyoandika.

Surf_ya_Vumbi

Mimi natofautiana kidogo na wakuu. Toyota Surf yangu ina tairi za 33, mwaka wa pili huu, na napita nayo kotekote. Ila nisidanganye: nilibadilisha amu za juu, nikakata plastiki za ndani ya madigadi na kona ya bampa, maana tairi ilikuwa inasaga nikikata usukani mpaka mwisho. Na dizeli inakunywa zaidi. Ukiwa na bajeti inawezekana. Kwa laki tatu na nusu haiwezekani.

Binti_wa_Bahi

Kaka, mimi nimezaliwa huko, na naona wote mmeongelea gari mkasahau udongo.

Ule udongo mweusi wa mbuga ukilowa unajaa kwenye kashata za tairi (yale meno yake) mpaka tairi inakuwa laini kama mpira wa miguu. Hapo hata uwe na inchi 6 utateleza tu mpaka ukae. Mkwamo wa Bahi unaanzia kwenye kashata: tafuta tairi zenye meno yaliyoachana, zinazotema tope. Farkwa ni tofauti kabisa, kule ni mchanga wa Mto Bubu. Punguza upepo wa tairi hadi PSI 18 hivi kabla hujaingia korongoni, pita taratibu bila kusimama, na beba pampu ya kujazia ng'ambo. Mvua ikipiga usiku kucha Bahi, sisi tunaacha gari lami na kuchukua bodaboda. Mama mwache mjini siku hiyo.

Mpunga_Bahi (mleta mada)

Ahsanteni sana wakuu, nawe dada yangu. Leo asubuhi nimelala chini ya gari na futi. Difu ya nyuma iko sentimita 21 kutoka ardhini na haina hata mkwaruzo. Chesisi upande wa kulia ndiyo imejaa tope kavu, na bamba la chini limebonyea. Kwa hiyo kilichogusa ni tumbo.

Nimemjibu fundi kwamba sitafanya. Nakusanya pesa ya springi za inchi 2 na shokapu zake, na tairi nachukua 265/75R16 za meno. Swali la mwisho: nimepata nne za mtumba, kashata bado nene. Nichukue?

Spana_17

Angalia ubavuni tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2214 ni wiki ya 22 ya mwaka 2014. Zikiwa za umri huo ziache, hata kashata ziwe nene kiasi gani. Na ununue tano, siyo nne. Spea ya kipenyo kingine kwenye Prado ambayo magurudumu yote manne yanavuta muda wote itakulia difu ya kati.