Baba amekataa malewa niliyopika, anasema si malewa. Nimekosea wapi?

Binti_wa_Kambi aliandika:

Wanajukwaa, habari za jioni. Naandika nikiwa jikoni, sufuria ya malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, bado iko kwenye sigiri na nyumba nzima inanuka moshi.

Mzee wangu ni wa kabila la Wagisu, wa Bududa, kwenye Mlima Elgon huku Uganda. Alikuwa polisi, kwa hiyo sisi tulikulia kambini: mara Lira, mara Masaka, mara Jinja. Kambini lugha ilikuwa Kiswahili, hata kuchapwa tulichapwa kwa Kiswahili, na ndiyo maana Kigisu changu ni cha salamu tu. Marehemu mama alikuwa wa kabila la Watoro, na malewa aliyaita "kuni za mume wangu". Hakuyapika. Tuliyala shangazi akija kututembelea, basi.

Tangu Februari Mzee anaishi nasi hapa Kireka, pembeni mwa Kampala, miguu imemlemea. Chakula anakidonoadonoa. Matoke anaonja, samaki anamsukuma pembeni. Wiki iliyopita, bila kuulizwa, akasema, "Nitafutie malewa." Jamani, nilitoka mbio. Nikaenda soko la Nakawa, nikapata fungu la elfu kumi, vile vijiti vya kahawia vimefungwa kwa ukambaa wa mgomba. Nikaosha, nikachemsha saa nzima, nikakatakata, nikaunga kwa kitunguu, nyanya na bizari kidogo, kisha nikamwagia karanga za kusaga.

Mzee akatia tonge moja. Akatafuna, akatafuna. Kisha akalitoa mdomoni kwa vidole viwili, akaliweka ukingoni mwa sahani, taratibu, kama anaweka kitu cha kuvunjika. "Haya si malewa," akasema. Halafu: "Nipelekeni nyumbani nikale."

Sasa ndugu zangu wamegawanyika. Kaka mkubwa hataki hata kusikia. Nyumba ya Mzee iko juu, kwenye mteremko, na kaka anatutajia maporomoko ya udongo moja baada ya jingine: Nametsi 2010, Bukalasi 2018, Bulambuli Novemba 2024. Siwezi kubishana naye. Mume wangu anasema nimpikie kuku yaishe.

Naomba kujua mambo mawili. Malewa yanapikwaje hasa? Na je, ni malewa anayoyataka, au ameshachoka kukaa kwangu?

MamaWanale:

Mwanangu, saa nzima tu? Na bizari? Pole kwa Mzee.

Malewa makavu huyaharakishi. Loweka usiku kucha kwenye maji mengi. Asubuhi yale maji yatakuwa ya rangi ya chai, yamwage. Chemsha kwa maji mapya, na hayo nayo uyamwage kama bado uchungu upo. Yakianza kulainika, bana kila kijiti kwa ukucha kuanzia nchani. Pale ukucha unapogoma, kata utupe, hiyo ndiyo "kuni" ya mama yako. Kilichobaki katakata vipande vidogo, kisha kiponde kidogo kwenye kinu. Kidogo, nasema! Usikigeuze uji.

Ndipo urudishe motoni na karanga. Mimi hutumia za kukaanga, zisagwe hadi zitoe mafuta. Wapo wanaotumia mbichi, sigombani nao, ila kwetu kama hakuna harufu ya karanga iliyokaangwa, wazee hawanyanyui mkono. Koroga moto mdogo mpaka mafuta yapande juu. Nyanya hapana. Kitunguu hapana. Moshi ndiyo kiungo chenyewe, sasa wewe umeufunika na bizari.

Kijana_wa_Ntinda:

Banange, mimi niliyala mara moja kwenye harusi Mbale. Ilikuwa kama kutafuna kikapu chenye mchuzi mtamu.

MamaWanale:

Ulikula ya mtu aliyechemsha saa nzima.

Mchuuzi_Soko_Kuu:

Nauza malewa Mbale, niongeze kidogo. Dada, huenda hata fungu lenyewe lilikuwa na shida. Machipukizi haya hutoka msituni juu mlimani wakati wa mvua, hukatwa yangali machanga, humenywa, kisha hukaushwa kwa moshi juu ya uchaga. Kule msituni ni hifadhi ya taifa tangu 1993, huingii tu na panga lako, ni kwa makubaliano kati ya vijiji na mamlaka ya wanyamapori. Ndiyo maana bei inapanda, na ndiyo maana wengine wanachanganya machanga na yaliyokomaa ili fungu lionekane nene. Ukinunua, fungua fungu. Kunja kijiti kimoja. Angalia vya katikati, humo ndimo tunamoficha (mimi sifichi, naongea kwa niaba ya wenzangu).

Jirani_Bungoma:

Niko upande wa Kenya, Mbukusu, hivyo tunautazama mlima huohuo kutoka upande wa pili. Sijaona mtu akitaja maji ya majivu. Kwetu tunayaita musherekha na mboga ngumu hazipikwi bila hayo. Chukua maganda makavu ya maharage, yachome hadi yawe majivu meupe. Toboa mkebe matundu madogo chini, weka majivu, mwagia maji, kinga kinachodondoka. Vijiko viwili vitatu tu, ukizidisha inakuwa sabuni. Hulainisha na kuondoa uchungu, na mzee yeyote wa huku anajua ulimi wake ukikosa kitu hicho.

Afande_Mstaafu:

Binti, wenzako wamekujibu swali la kwanza. La pili nakujibu mimi kwa sababu nimeishi kambi zilezile.

Umesema Kigisu chako ni cha salamu. Mumeo je? Watoto? Hapo nyumbani, Mzee anaongea Kigisu na nani?

Binti_wa_Kambi:

Afande, na redio. Hakuna mwingine.

Afande_Mstaafu:

Basi. Miaka yote ya kazi aliamrishwa na akaamrisha kwa Kiswahili, akastaafu akarudi kwa watu wake, sasa mmemrudisha kambini. Simaanishi kwamba unamtesa, usinielewe vibaya. Lakini askari mzee hatakwambia ni mpweke. Atakwambia chakula kibaya. Mpe kiti jikoni, aamrishe. Na umpigie huyo shangazi simu.

Mlima_Umebaki:

Nilisita kujibu maana umetaja Nametsi. Mimi ni wa kule. Baada ya Machi 2010 tulihamishiwa Kiryandongo, tambarare tupu, upepo tu. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Bibi yangu kila asubuhi alitoka nje, akatazama upande ambao mlima ungekuwapo, akarudi ndani. Udongo ulikuwa mzuri, mahindi yalikubali, hilo sikatai. Siku moja mjomba akatuletea malewa kutoka Mbale kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, safari ya kutwa nzima. Tulidhani bibi atayapika jioni ileile. Akayaning'iniza juu ya meko. Yakakaa pale miezi, yakawa meusi kama lami, na ole wake aliyeyagusa. Akipika chochote, hata maharage, moshi unapita kwenye malewa kwanza.

Kwa hiyo dada, kaka yako ana haki ya kuogopa, na asidharauliwe hapa. Mteremko ule wakati wa mvua msimpeleke. Lakini msimwambie Mzee kwamba nyumbani kumekwisha. Ngojeni Desemba au Januari kukiwa kukavu, mpelekeni Mbale mjini, mpange kwa ndugu siku nne, tano. Wa juu watashuka wamsalimie. Ikiwa jua linawaka na miguu inaruhusu, mchana mmoja mumpandishe akaone boma lake na kurudi. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa babu.

Kijana_wa_Ntinda:

Nilikuja kutania, sasa nasoma kimya.

Binti_wa_Kambi, siku sita baadaye:

Nimerudi na taarifa.

Maganda ya maharage nilipewa na mama mmoja anayeuza chakula cha ng'ombe hapa mtaani, akanishangaa kwelikweli. Mkebe niliutoboa kwa msumari. Malewa nilinunua upya, safari hii nikafungua fungu mbele ya muuzaji na kukunja kijiti, akanuna.

Jumamosi asubuhi nikamwekea Mzee kiti mlangoni mwa jiko na kumpigia shangazi, simu nikaiweka sauti kubwa juu ya kabati. Wakaanza Kigisu. Dakika arobaini! Nilikuwa nikishika neno moja moja, jina la mtu, jina la mto, kicheko. Katikati Mzee ananigeukia kwa Kiswahili cha gwaride: "Ongeza maji! Acha kukoroga! Wewe, nani alikwambia uponde hivyo?" Mwishowe akanipokonya mchi akaponda mwenyewe, amekaa, kinu kati ya magoti. Mtoto wangu wa miaka tisa akaulizia yule bibi kwenye simu anasema nini, na Mzee akaanza kumtafsiria. Hajawahi kumtafsiria mtu kitu humu ndani.

Alikula na matoke. Alimaliza sahani. Nilipomuuliza akasema karanga zimeungua kidogo. Ziliungua kweli, nilikuwa nasikiliza simu.

Kaka bado hajakubali safari ila ameuliza tarehe, na kwa kumjua mimi naona hiyo ni nusu njia. Mume wangu analalamika harufu imeingia kwenye mashati yake ya kazini.

MamaWanale, nina swali moja limebaki. Mzee amekataza nisimwage yaliyobaki sufuriani, anasema ya kesho ndiyo matamu. Yakishaungwa karanga yanakaa siku ngapi bila kuchacha? Friji yangu ni mbovu.