Ni dhana ipi ya fizikia kuhusu wakati na uhalisia inayostahili kuachwa?

Mwalimu wa Kisauni
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nilipokuwa nikiwasimulia wanafunzi habari za etha, ile dutu iliyodhaniwa kubeba mawimbi ya nuru hadi Michelson na Morley walipoitafuta mwaka 1887 wasiione dalili yake, binti mmoja aliniuliza ni kipi kati ya tunavyovifundisha leo kitakachotupwa vivyo hivyo. Kengele ililia, nami nikashukuru. Nyinyi mngeondoa dhana ipi?

Fundi Saa, Mji wa Kale
Wa alaikumu salaam, Mwalimu. Mimi ningeondoa "sasa". Sisemi wakati wenyewe, bali ile imani kwamba ipo sasa moja inayoenea ulimwengu mzima. Tangu mwaka 1905 Einstein alionyesha kwamba matukio mawili yaliyo mbalimbali, yanayotukia kwa pamoja kwa mtu aliyesimama, hayatukii kwa pamoja kwa mtu anayekwenda, na hakuna aliyekosea kati yao. (Tusichanganye na mabishano yetu ya mwandamo wa mwezi: yale ni ya aliyeona na asiyeona, ilhali hapa hata mwenye macho makali haipati sasa ya wote.) Saa za setilaiti zinazoongoza ramani za simu zetu zisiporekebishwa, hutangulia saa za ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni moja za sekunde kila siku: uvutano uliopungua kule juu huziharakisha kwa 45, na mwendo wao huzichelewesha kwa 7. Nimetengeneza saa maisha yangu yote na sijapata kumwona mteja aliyelalamikia kiasi hicho, lakini katika muda huo nuru hukata zaidi ya kilomita 11.

Bint Likoni
Fundi, kwa heshima, hiyo ilikwisha kuzikwa. Umebaki kuisomea hitima. Inayotusumbua ni imani kwamba kila kitu kina sifa zake tayari kabla hakijapimwa. Ukisafiri kwenda Lamu, ukafungua mkoba ukakuta kubadhi la kushoto peke yake, unajua papo hapo kwamba la kulia limebaki Mombasa, na hakuna ajabu yoyote. Fotoni mbili, yaani chembe za nuru, zilizozaliwa pamoja hazifuati mfano wa makubadhi. Mwaka 1964 John Bell alithibitisha kwamba sifa zikiwa zimepangwa mapema, na kipimo cha huku kisiathiri cha kule, kulingana kwa majibu kuna mpaka wake. Majaribio yakauvuka mpaka huo, na Aspect, Clauser na Zeilinger wakatunukiwa Nobel mwaka 2022. Wako wanaoona afadhali kuukana ujirani, yaani kukubali kwamba cha huku huathiri cha kule mara moja, lakini hapo wanagombana na uhusianifu, ile nadharia ya Einstein aliyoitaja Fundi. Mimi nitayaacha makubadhi.

Nahodha Mstaafu
Neno "kuacha" linanitia shaka, wanangu. Uvutano wa Newton, unaofika papo hapo toka mbali, uliondolewa mwaka 1915, na bado maji ya Kilindini yanajaa na kupwa, bamvua kwa maji mafu, kwa hesabu zake zile zile. Wanaosema kwamba anga na wakati vinakatika vipande katika udogo wa Planck, ulio mdogo mno kuliko hata kiini cha atomu, huenda wamesema kweli, ila hakuna chombo kilichokaribia udogo huo. Nami sishuki jahazini kabla sijaliona jingine.

Mwalimu wa Kisauni
Shikamoo, Nahodha. Bint Likoni, mpaka huo unaweza kuandikwa ubaoni bila hesabu nzito?

Bint Likoni
Unaweza, Mwalimu. Weka vichungi vya nuru kwa pembe tatu: 0, 60 na 120. Fotoni zote mbili zikipimwa kwa pembe moja, majibu hulingana daima. Waambie wanafunzi wamwandikie kila fotoni majibu yake matatu mapema, "hupita" au "haipiti". Kwa kuwa majibu ni ya aina mbili na pembe ni tatu, angalau pembe mbili zitapata jibu moja, na kwa hiyo pembe zikitofautiana majibu yatalingana si chini ya mara 1 kati ya 3, wayapange watakavyo. Wakishajaribu mipango yote minane, waambie kwamba fotoni zenyewe hulingana mara 1 kati ya 4.