Pacha mmoja anarefuka, mwenzake amesimama. Naombeni ushauri

MamaMapacha: Habari za jioni wapendwa. Nina mapacha wa kiume, wametimiza miaka 9 mwezi Machi. Doto nimekaa naye hapa Dodoma tangu ananyonya. Kulwa alilelewa na bibi yake Ukerewe, nikamchukua Januari aanze darasa la tatu huku. Jana nimewasimamisha ukutani: Doto sentimita 131, Kulwa 119. Sare ya Doto ya darasa la kwanza inamwenea Kulwa hadi leo. Tumbo lake limejaa, viganja vyeupe, na mara mbili nimemfuma anabandua udongo wa ukuta anakula. Nimempa dawa ya minyoo ya kutafuna mara tatu, sioni mabadiliko. Roho inaniuma sana.

Mkulima_wa_Kahama: Pole dada. Saga mbegu za papai uchanganye na asali, ale kabla ya chai. Sisi ndivyo tulivyokuzwa.

BabaNeema: Ni wa kufanana? Kama sivyo, huenda mmoja amefuata ufupi wa wajomba. Ila kumpa dawa mfululizo kwa kubahatisha, hapana.

MamaMapacha: Wa kufanana kabisa, shemeji. Majirani walikuwa wanawachanganya wakati wa likizo.

NesiWaZamu: Mama Kulwa, nikuulize: huko Ukerewe alikuwa anaoga ziwani?

MamaMapacha: Kila siku. Kuoga, kuchota maji, kusubiri mitumbwi ya dagaa na babu yake.

NesiWaZamu: Basi fikiria kichocho, tena kile cha tumbo, maana ndicho kilichozoeleka Ziwa Victoria. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, vikapenya ngozi. Wengi wanasubiri kuona damu kwenye mkojo, lakini hiki mayai yake hutoka na choo kikubwa. Mengine hunasa kwenye ini, bandama ikavimba. Mtoto anapungukiwa damu, na huko kula udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu huo.

Ile dawa ya kutafuna, albendazoli, inaua safura na minyoo ya mviringo. Kichocho haikiui. Kinatibiwa kwa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo lazima apimwe kwanza. Usinunue mwenyewe. Mpe chakula kabla ya kumeza, la sivyo atatapika.

Urefu nao usiupuuze. Mvulana wa miaka 9 aliye chini ya takriban sentimita 120 tunamhesabu amedumaa. Mbegu za papai hazitamfikisha popote, kaka yangu wa Kahama, samahani. Omba kipimo cha choo na cha wingi wa damu.

BabaNeema: Nafuta la wajomba. Mpeleke kesho, mama.

MamaMapacha: Nimerudi na majibu. Mayai ya kichocho yameonekana, damu 9.1. Amekunywa prazikwanteli baada ya ugali, tumbo likamsokota jioni, asubuhi ameamka mzima. Tumepewa na vidonge vya madini ya chuma. Je, atamfikia mwenzake?

NesiWaZamu: Hamu ya kula na nguvu ndivyo vitakavyotangulia. Urefu huja polepole, na sikuahidi kwamba pengo lote litazibika. Mpime kila baada ya miezi mitatu, mpe dagaa, maharage, mayai. Choo kipimwe tena kama daktari alivyopanga. Na likizo ya Juni akienda kwa bibi, akirudi ziwani anaanza upya.

MamaMapacha: Nimempigia bibi sasa hivi. Ana wajukuu wengine wanne pale nyumbani, wote wanaoga ziwani. Kesho anawapeleka zahanati.