Tupeane uzoefu: Kudai fidia na marejesho ya nauli pale ndege inapochelewa au kufutwa

Msafiri wa Utrecht (mleta mada):

Wanajukwaa, salaam. Nafungua uzi huu kwa sababu kila mwisho wa mwaka, ndugu zetu wanaporudi nyumbani kutoka Ulaya, nasikia malalamiko yaleyale ya ndege kuchelewa, na karibu kila anayelalamika huishia kusema kwamba alipewa kikaratasi cha kununulia chakula, akashukuru, akaenda zake. Naomba aliyewahi kudai aeleze alitoka wapi kwenda wapi, alijibiwa nini na alipata nini. Tusitaje majina ya mashirika, kwani baadhi ya madai bado hayajaisha.

Nianze na langu. Mwaka 2022 mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka minane tulipanda ndege Amsterdam kuja Dar es Salaam kupitia Kilimanjaro. Tulikuwa tumekwisha kufunga mikanda ndipo rubani alipotangaza kwamba kuna hitilafu ya kiufundi, tukasubiri mafundi, kisha tukashushwa na kuhamishiwa ndege nyingine. Ratiba ilisema tungefika Dar es Salaam saa tano na nusu usiku. Tulitua saa tisa na dakika 22.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, inampa abiria wa safari inayozidi kilomita 3,500 fidia ya euro 600, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Ulaya wa mwaka 2009 fidia hiyo inamhusu pia aliyefika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi. Kuna kipengele ambacho wengi hawakijui: kwa safari ndefu kama hizi zetu, ucheleweshaji ukiwa chini ya saa nne shirika linaruhusiwa kukata nusu. Hapo ndipo niliponaswa. Barua yao ya kwanza ilitupa pole na vocha za safari ijayo. Niliwajibu kwamba sijatia saini popote kukubali vocha, na kanuni inataka saini hiyo. Barua ya pili ilikubali fedha taslimu, lakini euro 300 kwa kila mmoja, kwa maelezo kwamba tulichelewa saa tatu na dakika 52.

Hesabu yao ilikuwa sahihi kama kufika ni magurudumu kugusa ardhi. Mwaka 2014, hata hivyo, mahakama hiyohiyo iliamua shauri la abiria aliyetoka Salzburg kwenda Köln/Bonn, ambaye ndege yake ilitua ikiwa imechelewa saa mbili na dakika 58 ikafika mahali pa kuegesha ikiwa imechelewa saa tatu na dakika tatu, na mlango wake ukafunguliwa muda mfupi baadaye. Ikaamuliwa kwamba abiria amefika pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na watu wanaruhusiwa kushuka. Sisi tulizungushwa uwanjani tukisubiri nafasi ya kuegesha, na bahati yangu ilikuwa kwamba shemeji yangu alikuwa nje akitusubiri, nami nilimtumia ujumbe wa simu saa tisa na dakika 38: "Mlango umefunguliwa, tunashuka." Saa nne na dakika nane. Niliambatanisha picha ya ujumbe huo na kuwataka watoe kumbukumbu yao wenyewe ya muda wa mlango. Hawakuitoa, ila baada ya wiki tano walituma euro 1,800 kwa watu watatu. Kuhusu hitilafu ya kiufundi, ambayo awali waliitaja kama dharura isiyozuilika, waliacha kuitaja nilipowakumbusha uamuzi wa mwaka 2008 kwamba ubovu wa kawaida wa ndege ni sehemu ya shughuli za shirika.

Mpwani wa Leicester:

Ahsante mleta mada. Mimi nina safari mbili za mwaka uleule, kwa shirika lilelile la Ghuba na kwa tiketi moja ya kwenda na kurudi, na matokeo yake yalikuwa kama usiku na mchana.

Wakati wa kwenda nilitoka Manchester. Ndege ilichelewa saa moja na robo tu, lakini ilitosha kunikosesha ya kuunganisha kule Ghuba, nikafika Dar es Salaam nikiwa nimechelewa saa kumi na moja. Shirika lilijibu kwamba ndege iliyotoka Uingereza haikufikisha saa tatu, na kilichotokea nje ya Uingereza hakiwahusu. Niliwaandikia kwamba tiketi ilikuwa moja, hivyo safari ni moja kuanzia Manchester hadi mwisho wake, na kwamba Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikwisha kuamua hivyo mwaka 2017. Walilipa pauni 520, ambacho ndicho kiwango cha Uingereza baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya.

Wakati wa kurudi ndege ilichelewa Dar es Salaam kwa saa saba, nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Sikupata hata senti ya fidia. Sheria ya Uingereza, kama ile ya Ulaya, humlinda anayeondoka huko kwa ndege ya shirika lolote, lakini anayekwenda huko akitokea kwetu hulindwa pale tu shirika lenyewe linapokuwa la huko. Nilichopata ni gharama ya hoteli niliyokwisha kulipia na kuikosa, kupitia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Mkataba huo hautoi kiwango maalumu kwa kila abiria, bali hasara unayoweza kuithibitisha kwa risiti, na mwisho wa kufungua shauri ni miaka miwili.

Mama wa Ilala:

Mimi sikudai fidia, nilidai nauli yangu. Mwaka 2020 safari ya Muscat ilifutwa na shirika lenyewe, na tiketi nilikuwa nimeinunua kwa fedha taslimu kwa wakala mmoja Kariakoo. Nikienda kwa wakala naambiwa fedha ziko kwa shirika. Nikipiga simu kwa shirika naambiwa nimwone wakala, na mchezo huo ulinichukua miezi minne. Kilichonitoa ni ile namba ya tiketi yenye tarakimu kumi na tatu, ambayo ni tofauti na zile herufi sita za uhifadhi wa nafasi. Niliituma kwa shirika kwa barua pepe, nikaomba jambo moja tu: waniandikie kama marejesho ya tiketi hiyo yamekwisha kutolewa, na tarehe gani. Walijibu kwamba yalitolewa kwa wakala wiki sita zilizopita. Nilimchapishia wakala barua hiyo, nikaiweka mezani, nikakaa kwenye kiti. Nililipwa siku ya tatu, pungufu ya ada yake ya huduma.

Mrundi wa Liège:

Theluji ilifunga uwanja wa Brussels, safari yangu ya Bujumbura ikafutwa hadi kesho yake, na treni za kunirudisha Liège nazo zilikuwa zimesimama. Kaunta ilikuwa haina mtu. Nilitafuta hoteli mwenyewe, nikatunza risiti za chumba, chakula na teksi. Dai la euro 600 lilikataliwa, na kwa haki, maana hali ya hewa si kosa lao. Risiti lakini walizilipa. Wajibu wa kumlisha na kumlaza abiria haufutwi na dharura, na Mahakama ya Ulaya ilikwisha kulisema hilo mwaka 2013 katika shauri lililotokana na majivu ya volkano ya Iceland ya mwaka 2010. Bia mbili walizikata.

Mchaga Mtulivu:

Langu bado bichi. Nilikuwa nisafiri kutoka Kilimanjaro kwenda Amsterdam kwa shirika la Ulaya, na siku kumi kabla ya safari nikapata ujumbe kwamba imefutwa na kwamba nitaondoka kesho yake, saa ileile. Nilidhani kuarifiwa mapema kunawaondolea deni, hadi niliposoma kwamba ili waepuke fidia wanapaswa kutoa taarifa angalau siku 14 kabla, na kwamba wakitoa kati ya siku saba na 14, safari mbadala haitakiwi kukufikisha kwa kuchelewa saa nne au zaidi. Mimi nilichelewa saa 24. Kijana wa kampuni ya kudai kwa niaba ya abiria aliniambia atachukua theluthi ya fedha zitakazopatikana, nikaona barua ya ukurasa mmoja naweza kuiandika mwenyewe. Nimeituma nikiambatanisha kadi ya kupandia ndege na ule ujumbe wa kufuta safari. Wiki ya sita hii, nimepata majibu ya kompyuta tu kwamba dai limepokelewa.

Msafiri wa Utrecht (mleta mada):

Mchaga Mtulivu, kwa Uholanzi muda wa kudai ni miaka miwili tu, wakati Uingereza na Wales ni sita, kwa hiyo usikae ukiwasubiri kwa heshima. Waandikie tena wiki hii, uwape siku 14, na uwataarifu kwamba baada ya hapo unakwenda mahakamani. Ukijibiwa, turudishie hapa.