Naomba ushauri: laptopu ya Toughbook mtumba au ThinkPad mpya kwa kazi za porini?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mpima ardhi, kazini naenda kwa bodaboda, vumbi tupu huku Chunya. Ndani ya miaka 2 zimenifia laptopu mbili za kawaida za ofisini: moja bawaba ya kioo ilikatika, nyingine vumbi jekundu liliziba feni ikawa inajizima kila jua likikaza. Nimenunua begi lenye sponji, nimeweka SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka). Data zinapona, mashine haiponi, na inaniuma kweli.

ThinkPad nazo hupimwa kwa kiwango cha MIL-STD-810 (vipimo vya uimara vya jeshi la Marekani), lakini feni bado inavuta vumbi. Toughbook, zile laptopu sugu za Panasonic, matundu yake yana vifuniko, ila ni nzito na mpya siiwezi.

Mwenye Toughbook mtumba, betri na vipuri unapata wapi? Na ThinkPad ikipulizwa vumbi kila mwezi, itadumu miaka 3?